Kituo Kimoja Kabla

Muuguzi alikuwa anatoka zamu, amechoka hoi, lakini mwanamume aliyeketi naye kiti kirefu cha nyuma ya basi alimwondolea usingizi. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha haja, raba mpya na suruali ya michezo. Jasho, hata tone.

"Kaka, ndiyo unakwenda mazoezini?"

"Natoka," akajibu. "Presha imepanda, daktari kasema nipunguze mwili. Mimi na mama watoto tukaamua tukimbie kila asubuhi, yeye njia yake, mimi yangu, tukutane nyumbani."

"Na wewe njia yako ndiyo hii ya basi."

"Magoti, dada. Nashuka kituo kimoja kabla, namalizia kwa mbio, naingia ndani nahema."

"Na mwenzio?"

"Yule kiboko. Kila siku namkuta keshafika, jasho linamchuruzika. Ananitia aibu, kwa kweli."

"Mbona aibu yenyewe haikushushi kwenye basi?" Muuguzi akajifuta macho kwa kicheko, kisha akapunguza sauti. "Mkeo utamdanganya, kaka. Presha je?"

Mwanamume akainama kukaza kamba za raba ambazo hazikuwa zimelegea.

Basi likasimama. Akapanda mama mmoja mnene, mkavu kama karatasi, miguuni raba mpya za rangi ileile. Alikuja hadi nyuma, akamwona mumewe, akasimama. Muuguzi akashika pumzi asipitwe na neno.

"Sogea," mke akasema hatimaye. "Nashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani."