Didima Vergara: Chungu Kimoja, Mitaa Miwili

Marehemu Didima Vergara Cedeño alizaliwa tarehe 6 Februari 1951, Jumanne ya Kanivali, sherehe za mitaani kabla ya Kwaresima, hapa Llano Hondo, mkoa wa Los Santos, Panama. Wazazi wake, Crisanto na Zoraida, walikuwa watu wa Mtaa wa Juu. Mkunga alimpokea chini ya meza, kwa kuwa vijana wa Mtaa wa Chini walikuwa wakivurumisha mawe juu ya bati.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la sita. Alikuwa mwepesi wa hesabu na wa ngumi. Mvulana aliyemtukania mama yake alirudi kwao bila jino la mbele. Hatulisifu jambo hilo, na baadaye yeye mwenyewe hakulisifu.

Tarehe 19 Agosti 1972 alifunga ndoa na Nicanor Batista wa Mtaa wa Chini. Bwana harusi alipiga magoti kanisani kwa shida, maana wiki hiyo Belisario, kaka wa bibi harusi, alikuwa amemvunja mbavu. Walijaliwa mtoto mmoja, Abdiel.

Mwaka 1975 walifungua mgahawa pale mitaa miwili inapokutana. Didima alipika sancocho, supu ya kuku wa kienyeji na viazi vikuu, kwa kuni na katika chungu kimoja tu. Sharti lilikuwa moja: anayeingia atundike panga lake msumarini mlangoni. Siku moja mgeni kutoka jijini aliuliza ni wapi atapata chakula chenyewe cha Panama. Wanaume wawili, mmoja wa kila mtaa, walimwonyesha mlango ule ule, kisha wakazichapa wakigombea nani ampeleke. Didima alitoka na upawa, akawapiga wote kisogoni.

"Mgeni ana njaa, nyie mna wazimu!"

"Dada Didima, huyu ndiye aliyeanza!"

"Na mimi ndiye ninayemaliza. Kaa ule!"

Jumatatu ya Kanivali, tarehe 5 Machi 1984, Belisario alimchoma Nicanor kisu cha shingo mlangoni pa mgahawa. Chanzo kilikuwa wimbo wa matusi, kama zile mitaa yetu inazoimbiana kila mwaka na kuziita mchezo. Si mchezo. Damu ya baba ilimrukia Abdiel usoni, naye alikuwa na miaka tisa. Belisario alifungwa miaka kumi na minne. Alipotoka alikuja kusimama mlangoni, na Didima akampakulia.

"Mama, unamlisha aliyemuua baba?" Abdiel aliuliza.

"Namlisha mwenye njaa."

"Basi ale. Siku utakayozikwa wewe, na yeye atazikwa."

Tarehe 12 Februari mwaka huu wa 2024, Jumatatu nyingine ya Kanivali, waimbaji wa Mtaa wa Juu walisimama mgahawani wakaimba kwamba Nicanor alikufa mdomo umejaa wali. Belisario alikuwa mezani. Hakuimba wala hakucheka. Abdiel alichomoa panga msumarini. Didima akaingiza mkono wake katikati, na panga lililolenga shingo ya mjomba likamkata mama hadi mfupani. Alikuwa na kisukari; kidonda kikaoza, mkono ukakatwa, naye akafariki Jumapili, tarehe 3 Machi. Tunayasema haya makaburini kwa sababu alikataa yafichwe.

Aliwaita wote wawili kitandani.

"Sasa mmelingana. Kila mmoja kamwaga damu ya nyumba hii. Chakula cha msiba wangu mtapika nyie wawili."

"Mama, mimi sijui kupika," Abdiel alisema huku analia.

"Mjomba wako anajua kuchinja. Anzieni hapo."

Asubuhi hii Belisario amechinja kuku, na Abdiel amemenya viazi vikuu kwa panga lile lile. Familia haitawadanganya kwamba wamesameheana. Ila panga limerudi msumarini, na kesho Abdiel atajipeleka polisi, kama alivyomwahidi mama yake. Baada ya mazishi, mitaa yote miwili inakaribishwa mgahawani. Asiyeweza kula karibu na jirani yake abaki kwake.

Marehemu ameacha mwana, Abdiel, mkwe, Edilma, wajukuu wawili, Yarelis na Nicanor, na kaka mmoja, Belisario.

Mungu ampumzishe mahali pasipo na mtaa wa juu wala wa chini.