Obed Mgaya na Sindano za Msimamizi Wake

Obed Mgaya, tunayemzika leo, alizaliwa hapa Kichiwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Yonathani. Alisoma hapahapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1973.

Mwaka 1979 alianza kuendesha lori la kukusanya majani ya chai Lupembe. Hakuondoka kituoni kabla bibi wa mwisho hajapimiwa kikapu chake. Kiwandani wakimkaripia kwa kuchelewa, alijibu, "Huyo bibi ametembea, mimi nimekaa."

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Teodora. Msimamizi wao alikuwa Benno, rafiki yake wa utotoni, ambaye serikali iliporuhusu biashara binafsi alianzisha duka la dawa Makambako.

Aprili 1993 lori lilipinduka, akavunjika nyonga. Hospitalini alichomwa pethidini, dawa kali ya maumivu, ikamtuliza. Mfupa uliunga, hamu ya sindano ikabaki. Mimi dada yake, Idda, ni muuguzi, na bado nilimwita mzembe. Daktari ndiye aliyenisahihisha: tunapokula au kumpakata mtoto, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, nayo hutufundisha kurudia. Dawa za jamii ya afyuni, kama hiyo pethidini, huilegezea breki, ikamwagika kupita kiasi, hadi ubongo ukaona sindano ni ya lazima kuliko ugali na watoto. Obed aliniambia kwa ufupi, "Dada, raha iliisha zamani. Kuitaka ndiko hakuishi."

Kwetu ndoa ikiyumba hupelekwa kwa msimamizi. Teodora alikwenda kwa Benno mara tatu. "Niachie mimi, shemeji," alimwambia, wakaomba pamoja. Tukamhamishia Obed nyumbani kwa Benno, tukashukuru. Kumbe sindano zilitoka dukani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako. Alituitikia amina huku anajua, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Aprili mwaka huu, 1996, tulimrudisha Kichiwa. Kwa miezi mitatu hakugusa dawa. Alianza kula, akacheka na wanawe. Tarehe 2 Agosti alikwenda Makambako kununua mbolea. Benno alimuuzia kipimo kilekile cha zamani, ambacho mwili wake, uliokwisha kupoteza mazoea, haukukiweza tena. Pumzi ilikatika kabla ya jioni. Bahasha ya duka ilikuwa mfukoni mwake.

Ameacha mjane, Teodora, watoto Sila, Esteria na Dorosela, mama yetu, na ndugu wanne.

Msimamizi wa ndoa hutupa udongo baada ya mjane, na Benno ametuma salamu kwamba atakuja. Teodora ameomba maneno yake yasomwe: "Shemeji, udongo huu usiuguse."

Mungu ampumzishe Obed, na ile hamu imwache sasa.