Ndama Katika Ngozi ya Mwingine

Wapendwa wa shirika letu, ba papa na ba maman, amani iingie kwanza humu ndani, halafu mimi niseme nikiwa chini yake. Mumeniomba ushuhuda. Munanijua, mimi ni mutu wa maneno mengi, hata padri alishaniomba nifupishe sala. Lakini leo ulimi unataka kujificha. Sitataja jina la mutu. Atakayejitambua ajitambue kimya, tutasalimiana mulangoni.

Nilizaa mutoto mwanamume. Aliishi muda mufupi tu. Alikuwa na nywele nyingi na sauti ya kukwaruza, na usingizi haukumupata mpaka akamate kidole changu. Halafu homa ikaja. Asubuhi moja pale maternité, nyumba ya wazazi, sister akanifunika shuka mpaka kidevuni, kana kwamba mimi ndiye mwenye kusikia baridi, nikaelewa.

Munajua desturi yetu. Mama wa kichanga haendi kwenye maziko. Bwana yangu alikwenda na wakubwa wa familia, mimi nikabaki kitandani naangalia dari. Waliporudi hawakuniambia wamemulaza wapi, na mimi sikuuliza. Wazee wanasema mama akijua mahali atakuwa anakwenda kulia kila siku, na kule kulia kutamufungia tumbo. Asipojua atasahau upesi, atazaa mwingine. Sisemi walikuwa wabaya. Walitaka nipone.

Ndugu zangu, nawaambia, sikusahau. Maziwa yaliendelea kuja, na mwenye kuyanywa hakuwako. Nilijifunga kifua kwa kitambaa nikakaa dirishani, kule Nguba, mjini, tulikokuwa tunapanga, naangalia ziwa. Siku hizo ziwa na mawingu vilikuwa kitu kimoja. Watu walipita barabarani kama wanaotembea chini ya maji, midomo inafunguka, sauti hainifikii. Ba maman wa shirika walileta sombe ya majani ya muhogo, walileta sambaza, samaki wadogo wa kukaanga. Nilisema asante, nikaweka sahani chini, ikapoa.

Tatizo langu halikuwa kukosa njaa. Nilikuwa na njaa. Lakini kila nilipomeza tonge niliona kama namuacha mutoto wangu njiani, mimi naendelea na safari. Ningecheka siku moja, hapo ningekuwa nimemutupa kabisa. Basi nikaamua, bila kumuambia mutu, kwamba sitaendelea. Kitenge nilichokuwa nakizungusha mara moja kiunoni, sasa kilizunguka karibu mara mbili. Nilikuwa naisha, na niliona ni haki yangu kuisha.

Bwana yangu, karani wa bureau, mutu wa kunyamaza, alinivumilia mpaka akaogopa. Akaniambia, "Bibi yangu, enda kwa mama yako kidogo. Mimi hapa najua tu kukuangalia." Akanipandisha kwenye camionnette ya wenye kwenda sokoni, nikafika Mudaka na kikapu changu kwenye magoti.

Mudaka ya wakati wa mvua, wenye kuitoka wanaijua. Ukungu unashuka asubuhi, migomba inabaki vivuli, na unasikia mutu anakohoa karibu yako usimuone. Mimi ile hali ilinifaa. Nilikaa chini ya paa la jiko la mama, na ulimwengu ulikuwa umefutwa, nikasema vizuri, hakuna cha kuangalia.

Ndipo kitu kikatoka ndani ya ukungu. Kwanza niliona doa jeupe linaelea hewani, peke yake. Halafu chini ya doa pua, halafu miguu minne inayotetemeka. Ndama jike wa rangi ya udongo, kitovu chake hakijakauka vizuri. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akanusa mikono yangu, akaingiza vidole vyangu mudomoni akaanza kunyonya. Sikuvitoa. Ulimi wake ulikuwa unakwaruza na wa moto. Mama yangu akatoka jikoni akatuona hivyo, akasimama na mwiko mukononi.

Kwetu mifugo iliyopotea haifichwi. Mama alitangaza sokoni, mukubwa wa shirika la kule akatangaza misa ilipokwisha. Habari ikarudi upesi: muchuruzi mumoja alipitisha ng'ombe kwa miguu kuelekea mjini, kwenye machinjio, na mumoja akazalia njiani ndani ya ukungu. Yule ng'ombe mama alifika mjini, mutoto akabaki. Yule muchuruzi alipopita tena alisema abaki tu kwa aliyemuokota, kwake yeye alikuwa amekwisha kumuhesabu na waliokufa. Basi mama akamuita Mugeni.

Nilianza kumupa maziwa tuliyoomba kwa majirani. Ndama hajui chombo. Unazamisha mukono ndani ya maziwa, vidole juu, ananyonya vidole na maziwa yanapanda humo humo. Nilikaa hivyo, mukono kwenye sufuria, nusu niko macho nusu niko ndotoni, na wakati ukapita bila kunigusa. Lakini maziwa ya kuomba hayatoshi kitu. Akaanza kuhara. Mbavu zikaonekana. Siku moja hakuinuka, akaniangalia tu, na macho yale niliyajua. Nikaogopa, ndugu zangu. Niliogopa sana. Nilikuwa nimekataa kupona, na sasa nilikuwa namuomba Mungu kwa nguvu zote kwa ajili ya ng'ombe.

Jirani yetu, papa muzee mwenye kufuga, alikuwa na ng'ombe aliyefiwa na ndama wake kabla kidogo ya siku zile. Alikuwa amechuna ngozi ya yule ndama akaikausha kwa chumvi, kama wafugaji wetu wanavyofanya. Bila ile ngozi mbele ya pua yake, ng'ombe hakuachilia hata tone. Alipowekewa, aliilamba, na maziwa yakashuka. Papa muzee alipomuona Mugeni amelala, akasema tumufunge ile ngozi mugongoni, tumupeleke kwa yule mama, labda atamupokea.

Nilikataa. Niliisikia harufu ya ile ngozi nikarudi nyuma. Nikasema ni uongo, ni kumuchezea mama aliyefiwa. Kama mutu angeniletea mimi mutoto mwingine amevaa nguo za wangu, ningemukwaruza macho.

Papa muzee hakukasirika. Alikuwa anakunja kamba. Akasema, "Hatuko tunamudanganya, maman. Tuko tunamusaidia tu aanze."

Nikamuangalia Mugeni. Hakukuwa na muda wa kubishana. Nikaifunga ile ngozi kwa mikono yangu mwenyewe, kamba moja kifuani, nyingine tumboni, tukambeba. Yule ng'ombe alinusa ngozi muda murefu, akatoa sauti ndogo ya ndani, akasogeza mguu wa nyuma. Mugeni akapata chuchu. Mukia wake ulianza kucheza, na papa muzee akavua kofia.

Tangu pale nilikuwa nakwenda kila asubuhi kuwaangalia. Na kila asubuhi niliona jambo lile lile. Ng'ombe alipofunguliwa, kabla ya nyasi, kabla ya maji, alikwenda nyuma ya migomba, akasimama mahali fulani, akashusha pua chini, akalia. Sauti yake ilizunguka ndani ya ukungu kama haina pa kutokea. Halafu alirudi kwa Mugeni.

Nikamuuliza papa muzee, kwani kule kuna nini? Akaniambia ndipo walipozika mwili wa ndama. Nikauliza tena, kwa hiyo ng'ombe anajua?

"Iko anajua, maman. Alikuwa anatuangalia wakati tulikuwa tunachimba."

Niliyachukua yale maneno nikarudi nayo nyumbani, na hayakunipa nafasi ya kukaa.

Halafu ikanyesha mvua kubwa, ile ya mawe. Asubuhi yake niliteremka na kukuta ngozi iko kwenye matope karibu na mufereji, kamba zimekatika. Nilikimbia. Nilijua yule mama akimuona Mugeni uchi, bila harufu ya wake, atamupiga teke amuvunje. Niliteleza, nikaanguka, nikainuka. Nilifika kwenye migomba pumzi hakuna.

Walikuwa wamesimama pale pale, mahali pa kaburi. Ng'ombe alikuwa ameshusha pua chini, analia kama kawaida. Mugeni alikuwa karibu yake, mugongo wake mwenyewe, rangi yake ya udongo, na lile doa jeupe. Ng'ombe akageuza kichwa. Akamunusa kuanzia masikio mpaka mukia. Polepole. Halafu akatoa ulimi akamulamba usoni, na Mugeni akaingia chini ya tumbo lake akanyonya.

Wapendwa, mimi pale nilikaa chini kwenye majani yenye maji. Mama mumoja, mahali pamoja, alikuwa anamulilia wake na kumunyonyesha mwingine. Hakumuacha yule wa chini ya udongo. Wala hakumunyima huyu. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu maternité, nililia mpaka ng'ombe wote wawili wakaacha kazi yao wakaniangalia. Nikarudi nyumbani nimejaa matope, nikamuambia mama nina njaa. Nilikula bugali na maharagwe, nikaomba tena, na mama akajifanya kukoroga chungu kisichokuwa na kitu, kusudi nisione uso wake.

Siku ya Mungu iliyofuata bwana yangu alikuja kunitembelea, amevaa abacost, koti lake la bureau, imepigwa pasi sawasawa. Nikamupeleka kuona Mugeni. Alisimama na heshima zake zote, mikono nyuma, na Mugeni akaja akaingiza pindo la ile abacost mudomoni akanyonya kwa bidii. Nilicheka. Nilicheka, na mutoto wangu hakutupwa popote, alikuwa ndani yangu pale pale. Bwana yangu hakuvuta nguo yake. Alisimama tu, ananiangalia mimi, ute wa ndama unamushuka mpaka kwenye suruali, na mimi nikamuambia, "Unipeleke mahali mulimulaza."

Tulishuka mjini pamoja. Tukaingia makaburini, na bwana yangu hakuuliza njia, hakusimama kutafuta, alipita kati ya misalaba kama anayekwenda kazini. Kilikuwa kilima kidogo sana. Nyasi kila upande zilifika magotini, lakini pale zilikuwa zimekatwa, na kulikuwa na mawe ya ziwani yamepangwa kuzunguka. Nikamugeukia.

Akasema, "Kila Jumamosi, tukimaliza kazi ya salongo, nakujaka hapa. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Kumbe mimi nililia dirishani na yeye alilia hapa, kila mutu upande wake, kila mutu anamuficha mwenzake. Tulipiga magoti. Nikataja jina la mutoto wangu kwa sauti, na yeye akalitaja, na hakuna aliyekufa kwa kulitaja.

Namushukuru Mungu. Namushukuru bwana yangu, ambaye sasa ameinamisha kichwa na anatamani nikae. Namushukuru mama, aliyejua kunyamaza, na yule papa muzee na kamba zake. Na ninyi ba maman mulioleta sahani ambazo sikuzigusa: nilizihesabu zote, hakuna hata moja niliyoisahau. Mugeni leo ni ng'ombe mukubwa na ana ukorofi wa wenye kulelewa na wengi. Mimi sikuzaa tena. Watoto wa shirika wananiita maman, na ninaitika.

Fundisho langu ni dogo. Tusiwafiche kinamama mahali walipolala watoto wao. Tuwapeleke, tuwashike mukono, tuwaache walie wanavyotaka. Kusahau hakukuniponya. Kilichoniponya ni kwenda pale na kurudi.

Kuna dada yetu mumoja hapa ndani ambaye musiba wake ungali mubichi. Simuangalii, musigeuke. Dada, kama wimbo wa leo unakushinda, usiuimbe, sisi tutakuimbia. Na kama hujui ni wapi walimulaza mutoto wako, kesho asubuhi vaa viatu. Nitakuja kwako, tutamuuliza bwana yako, na tutakwenda.