Mzee Nikodemu Matimbwa na Shimo la Michenga

Leo, tarehe 30 Juni 1914, Mzee Nikodemu Matimbwa anakabidhi funguo za karakana ya kituo chetu cha kilimo hapa Michenga, baada ya miaka kumi na mitano ya kazi. Mimi, karani Wendelin, nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu huu kwa sababu nimefanya kazi naye miaka tisa, na kwa sababu wengine wote wamekataa kuandika habari za shimo.

Alianza mwaka 1899 kama mbeba matofali, kabla ya kupewa karakana. Matofali hayo ndiyo yaliyojenga shimo la choo cha kituo, lililofunikwa na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi hewa isiingie, ili uchafu ujiozee na kuwa mbolea. Shimo hilo hupumua. Asubuhi kifuniko huguna, na sarafu ya fedha ukiiacha kando ya bomba lake la kutolea hewa chafu hugeuka nyeusi kabla ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa akiwaambia wageni waliamkie, na Fridolin wa ghala aliliamkia kwa heshima zote.

Wakati wa vita vya Maji Maji karakana iligeuzwa mahali pa kuyeyushia madini ya risasi ili kutengeneza risasi za bunduki. Wapiganaji waliambiwa risasi zitageuka maji. Hazikugeuka, na ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, wengi hawakurudi makwao. Kila jioni Mzee alifagia majivu ya risasi na kuyamwaga shimoni, maana tulizoea kusema kwamba lile shimo halikatai kitu.

Mwaka 1907, njaa iliyofuata vita ikiwa bado imetushika, tulilifungua. Tope lilikuwa jeusi, laini, halinuki hata kidogo, nasi tukaamini kwamba kisichonuka ni safi. Likaanikwa, likamwagwa bustanini. Mchicha ulistawi mpaka ukatutia woga, na watu arobaini wakaishi kwa huo. Kisha matumbo yakaanza kusokota, fizi zikawa na mstari wa bluu, na mikono ya Balbina, mke wa Mzee na mkuu wa bustani, ikaning'inia kwenye vifundo kama nguo kwenye kamba. Watu walinong'ona kwamba waliouawa vitani wamerudi.

Mzee hakunong'ona. Alichota ndoo moja ya tope la juu ya shimo na nyingine ya chini kabisa, akaanika, akachoma kwa makaa. La juu liliacha punje ya risasi kama ulezi. La chini liliacha punje kubwa kuliko ya hindi. Uchafu ulikuwa umeoza na kupungua, lakini risasi haikuoza, ikazidi kujikusanya. Akachemsha maji ya shimoni mpaka yakakauka, akachoma masalio, hayakuacha risasi. Yale yaliyochuruzika kutoka kwenye tope la kuanikwa, baada ya mvua, yaliacha. Kule chini bila hewa tope lilikuwa limeishika risasi, na sisi ndio tuliolitoa nje likaiachia.

Alijua pia ni mikono ya nani iliyoimwaga mle. Aliyasema yote mbele ya watu wenye njaa, kisha akang'oa mchicha wote peke yake, Balbina akimwita mwuaji. Nilikuwepo, sikumsaidia, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Akarudisha tope na udongo wa juu wa bustani shimoni, akaziba. Miezi mitatu tulikula viazi pori. Matumbo yalitulia. Balbina naye alipona, ingawa kikombe bado hukishika kwa mikono miwili.

Tangu hapo Mzee hukagua nyufa za kifuniko kila wiki. Kituo kilimpa kiwanja kizuri Ifakara, karibu na soko, akakikataa. Ameomba kipande cha ardhi kando ya shimo, asije mgeni akachimba hapo kisima. Nyumba imekwisha ezekwa. Balbina amekubali kuhamia, kwa sharti kwamba mlango utazame upande mwingine.

Mzee Nikodemu, asante kwa mchicha ulioung'oa. Tunakuombea umri mrefu sana, na safari hii hatusemi kwa adabu tu: hadi leo hii hakuna aliyeomba nafasi yako ya kulinda shimo.