Chuo cha Miji Minne na Dele Moja la Kahawa

Pale Kandara, mtaa wa Jeddah, ukiiacha stendi ya zamani ya mabasi mgongoni na kukata kushoto kwa muuza mablanketi, palikuwa na benchi lililoundwa kwa mbao za kreti ya viyoyozi. Mshale wa kuonyesha upande wa juu ulikuwa bado unaonekana, ila ulielekea chini, kwa sababu aliyeliunda alikuwa na hasira siku hiyo. Aliyeliunda ni Mbarouk, mtu wa Unguja, fundi wa viyoyozi. Kijiwe kizima kilimwita Fundi Baridi, na hilo halikutokana na tabia yake, maana tabia yake ilikuwa ya moto kuliko lami ya Jeddah mchana. Ilikuwa miaka ile ya neema ya mafuta, kila mtaa umechimbwa, na baharini meli zimepanga foleni hadi macho yanapokoma, zikingoja zamu ya kushusha mizigo. Kila baada ya sala ya alasiri Mbarouk alikuja na jiko la mkaa na dele lake la shaba, akapika kahawa ya tangawizi na iliki. Wenzake walikuja na midomo.

Siku hiyo alikuja na shati lililopigwa pasi. Saleha, mkewe, ndiye aliyelipiga, akamwambia mlangoni:

— Leo ndiyo mwisho wa kuandikisha. Ukirudi hujaandikisha, neno chuo usinitajie tena mpaka unizike.

Na Saleha hakuwa mtu wa kurudia. Mbarouk alijisomesha mwenyewe, kwa magazeti makuukuu yaliyofungiwa vipuri na vitabu vya mashine alivyovifasiri kwa kamusi iliyokwisha jalada. Alikwisha kujua mengi. Alichokikosa ni mtu mmoja, mwenye chaki mkononi, wa kumuuliza pale anapokwama. Miaka yote kamusi hiyo haijapata kumjibu swali.

— Leo nakunywa kimoja tu, aliwaambia wenzake. — Kabla ya magharibi nakwenda kujiandikisha chuo kikuu.

Ernest alikohoa kahawa ikamtokea puani. Huyu alikuwa Mkenya, dereva wa lori bandarini, na wakimwita Nairobi ingawa kazaliwa Busia.

— Wee! Chuo gani hicho kinataka mtu wa ndevu nyeupe?

— Chuo cha watu wazima. Cha watu binafsi, si cha serikali. Kina tawi Riyadh, kina tawi hapa Jeddah, kina Bahrain, kina Khartoum. Unafanya kazi asubuhi, unasoma jioni. Hawakuulizi umri. Na kazi uliyokwisha kuifanya duniani wanakuhesabia kama somo.

— Kafili wake nani? aliuliza Haidar.

— Kafili wangu si unamjua, bwana.

— Sisemi wewe. Kafili wa chuo.

Haidar kazi yake ilikuwa kuzungusha makaratasi ya watu kwenye ofisi za vibali. Walimwita Ikama, kwa kuwa hakuna mazungumzo naye yaliyowahi kwisha bila kufika kwenye kibali cha kuishi.

— Chuo hakina kafili! Mbarouk aliwaka. — Chuo si mpishi!

— Kila mgeni nchi hii ana kafili, mwenyeji wa kumdhamini. Chuo kimetoka wapi? Nje. Basi kina kafili. Na wewe siku ya mtihani wakikuambia nenda Riyadh, utakwendaje bila karatasi ya kafili wako? Mtu mzima, una wajukuu, unakwenda kuomba ruhusa ya kwenda shule!

— Nitaomba. Kuna aibu gani?

— Haya, umefaulu. Shahada atakaa nayo nani?

— Mimi!

— Paspoti yako iko wapi sasa hivi?

Mbarouk akalikoroga dele bila sababu.

— Kabatini kwa kafili.

— Halas! Na shahada itaingia kabati hilohilo. Dereva wake akisoma, kabatini. Mpishi wake akisoma, kabatini. Baada ya miaka mitano yule mzee ana shahada saba na hajafungua kitabu. Ndiye atakayekuwa profesa, na nyinyi ndio atakaowafundisha.

Ernest alicheka akapiga paja.

— Mimi shida yangu ni moja, boss. Chuo cha kwetu kiko mahali pamoja, kimekaa, unakiendea. Hiki cha miji minne kinakaa wapi? Mwalimu anakaa wapi?

Hapo alikohoa Jabir, na benchi zima likajua taarifa inakuja. Jabir alikuwa Mpemba, mlinzi wa ghala, na jina lake la kijiweni lilikuwa Redio, kwa kuwa akitangaza kabla hajasikia.

— Mwalimu ni mmoja, alisema Jabir.

— Nani kakwambia?

— Ni mmoja, yakhe. Asubuhi yuko Riyadh, jioni hapa, wanamrusha kwa ndege. Sasa lile somo analianzia Riyadh, ndege inaondoka katikati, anakuja kulimalizia Jeddah. Watu wa Riyadh wamejua mianzo tu. Watu wa Jeddah wamejua miisho. Ukimtaka msomi aliyekamilika, basi umwoze kijana wa Riyadh kwa binti wa Jeddah.

— Na Bahrain? Ernest aliuliza.

— Bahrain wanasikiliza hao maharusi wanaposomeana.

— Upuuzi! alifoka Mbarouk. — Mimi jengo nimelifikia. Juu ya duka la marumaru, ghorofa ya pili. Kiyoyozi nimewafungia kwa mikono yangu hii.

— Kiyoyozi umekiona. Mkuu wa chuo umemwona?

— Sikumwona. Nimeuona ubao. Nimeiona chaki.

— Viti je?

Mbarouk angeweza kusema ameviona. Nani angekwenda kuhakikisha? Lakini yeye si mtu wa kusema ameona kiti ambacho hakukiona.

— Viti bado, alisema kwa taabu.

Jabir alisimama. Alikuwa hasimami ila kwa taarifa kubwa.

— Mnaziona zile meli? Basi chuo kiko humo. Madawati, viti, kengele, na mkuu wa chuo mwenyewe. Yuko melini anangoja zamu. Kapewa mashua ateremke, kakataa. Kasema, sishuki bila madawati yangu. Sasa yuko juu ya dawati la mbele, anakula samaki, anajifundisha mwenyewe.

— Zile ni meli za saruji! Mimi ndiye nabeba hiyo saruji! Ernest alipinga, kisha akafikiri kidogo. — Lakini kweli, kuna moja ina mbaombao fulani...

— Umeona!

— Na huyo mkuu wa chuo, aliongeza Haidar kwa huzuni, — ikama yake inaisha akiwa baharini.

Mbarouk aliinua macho. Vivuli vilikuwa vimefika ukuta wa pili. Alijua anatakiwa kuinuka, na kila alipotaka kuinuka, mmoja alimpa kikombe, mwingine akampa tende, wa tatu akampa jambo la kujibu. Na yeye jambo la kujibu halimpiti.

Ndipo alipofika kijana mgeni, mrefu, viatu bado vina kamba mpya. Aliitwa Protas, fundi wa maabara kutoka Tabora, ameingia nchini juzi na amesikia kuwa hapa pana watu wa nyumbani.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu, kaa, waliitikia, na Ernest akasogea.

Mbarouk akammiminia kikombe. Protas akanywa, akafumba macho.

— Hii ni kahawa kweli! Nani kaipika?

— Huyu. Fundi Baridi. Anataka kutuacha, anakwenda kusoma, alisema Jabir.

— Ah, hongera mzee. Masomo yenyewe ni saa ngapi?

— Baada ya alasiri mpaka isha, alijibu Mbarouk.

— Kila siku?

— Kila siku ila Alhamisi na Ijumaa.

Protas akatazama jiko, akatazama dele, akawatazama wale watatu.

— Sasa kahawa hapa atapika nani?

Haidar alichungulia ndani ya kikombe chake kama kwamba jibu liko chini ya machicha. Ernest aliinamisha dele, likatoa tone moja. Jabir Redio akaanza kuhesabu kokwa za tende.

Mbarouk akasimama polepole.

— Kumbe! alisema. — Kumbe ndiyo hivyo! Mmemkalisha mtu mzima baharini, akila samaki juu ya dawati, kwa ajili ya kahawa! Si mngesema tu? Mbarouk, usiende, tunataka kahawa. Mimi mtu akinambia wazi namwelewa.

— Si kahawa tu, alisema Jabir kwa sauti ndogo. — Mimi chumbani kwangu, mtaa wa Karantina, niko peke yangu. Hakuna wa kunibishia.

Hasira ya Mbarouk ikatafuta pa kushikia, ikakosa. Alichukua dele kwa mkono wa kulia na jiko kwa waya wake mkono wa kushoto, likiwa bado linafuka moshi.

— Mimi nakwenda, alisema, akaenda.

Nyuma yake alisikia kandambili. Hakugeuka. Alisikia za mtu mmoja, kisha za wengine wawili, kisha viatu vipya vya Protas, ambaye hakujua wanakwenda wapi lakini kikombe alikuwa nacho.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la marumaru, Msudani mmoja mwenye miwani minene alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa. Aliwatazama wanaume watano na jiko la moto.

— Mmekuja kuandikisha?

— Mimi, alisema Mbarouk, akatua jiko. — Lakini nauliza kwanza, na nijibiwe wazi. Mkuu wa chuo yuko wapi?

Msudani akavua miwani, akaifuta.

— Wallahi, ndugu yangu, nisikufiche. Mkuu yuko melini, hapo nje ya bandari. Wanangoja zamu. Tumempelekea mashua, amekataa. Anasema hashuki mpaka madawati yake yashushwe.

Mbarouk akageuka kumtazama Jabir. Jabir alikuwa ameshika ukuta, mdomo wazi, kama mtu aliyerusha jiwe gizani akasikia mtu amesema ahsante.

— Na ikama yake? Haidar alinong'ona.

Msudani akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mbarouk alicheka. Alicheka mpaka shati la Saleha likatoka kwenye mkanda. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja. Mtu aliyejibu swali lake wazi namna ile alimtosha kwa siku ya kwanza.

— Na hawa? Msudani aliuliza, huku pua yake ikilifuata dele.

— Niandike na mimi, alisema Ernest, akitazama pa kuwekea jiko.

— Na mimi, alisema Haidar. — Ila nitataka kuyaona makaratasi ya chuo.

Jabir ndiye aliyekuja wa mwisho. Alijinyoosha, akakohoa kama yuko kijiweni.

— Eti kazi iliyokwisha kufanywa mnaihesabu?

— Inahesabiwa.

— Basi mimi, niliyekwisha kumtangaza mkuu wenu, nianzie mwaka wa pili.