Mwalimu Fortunatus Nanyungu na Ukuta wa Tabaka la Tano

Na Ambrosi Mchopa, mtunza stoo

Tarehe 30 Juni 2002 Mwalimu Fortunatus Nanyungu anastaafu, baada ya kufundisha fizikia na uchomeleaji katika chuo chetu cha ufundi hapa Newala kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Si kwa sababu ya uandishi wangu. Hilo walinieleza wazi.

Alizaliwa Mkunya, akasoma Chidya, kisha chuo kikuu Dar es Salaam. Alipofika kwetu mwaka 1976 alikuta mashine moja ya kuchomelea na vijana arobaini. Aliwafundisha wote bila kuungua hata mmoja. Aliyeungua ni mimi, niliyeingia karakana kuhesabu vyuma nikashika kimoja nione kama kimepoa.

Hamu yake kubwa ilikuwa kurudi kusoma shahada ya pili. Mwaka 1994 mlango ulifunguka. Mwalimu wake wa zamani wa Dar es Salaam alimwandikia barua yenye swali: mwanga wa leza ukiipiga shaba kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde, shaba itayeyuka na kugeuka mvuke hadi kina gani? Maabara moja ya Ulaya ilikwisha kulipima shimo lenyewe. Yeye alitakiwa akokotoe. Akifaulu, nafasi ya masomo ni yake.

Kompyuta hatukuwa nayo. Lakini biashara huria ilikuwa imetuletea, pamoja na mitumba, vikokotoo vya mwanga wa jua, vimejaa sokoni Masasi. Mwalimu alinunua kumi na viwili, akatukalisha watumishi kumi na wawili kwenye benchi refu, kila mmoja awe tabaka moja jembamba la shaba. Wa kwanza ndiye uso wa chuma. Mwalimu akigonga meza, leza imepiga. Kila mtu anakokotoa joto lake, analiandika kwenye karatasi na kumpa jirani, kisha tunaanza tena.

Alitueleza kwa korosho. Ukizichoma kwa moto mkali wa haraka, ganda linapasuka na kiini kinabaki cheupe; ukizichoma polepole, joto linaingia hadi ndani na kiini kinaungua. Leza ile ni moto wa haraka kuliko yote. Tuliitikia kwa vichwa kama watu walioelewa.

Tulikaa kama tulivyoingia mlangoni. Marehemu mke wangu Agatha, mpiga chapa wa chuo, ambaye wenzake walimwita Mama Helena, alikuwa tabaka la nne. Rajabu wa karakana akawa la tano, Somoe wa jikoni, tunayemwita Mama Faidha, la sita, na mimi la saba.

Tulikokotoa siku nne. Hadi kwa Rajabu shaba ilichemka. Kutoka kwa Mama Faidha kuendelea ilikuwa baridi. Nilisifiwa mbele ya wenzangu kwa kutokosea hata mara moja. Jumatatu namba yangu ilikuwa nyuzi ishirini na saba, na Alhamisi ilikuwa ishirini na saba. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Mwalimu aliandika kurasa kumi na moja kueleza kwamba ndani ya shaba, baada ya tabaka la tano, kuna ukuta unaozuia joto. Agatha alizipiga chapa. Dar es Salaam waliusifu sana ukuta huo, wakampa nafasi. Tulichinja jogoo wawili.

Wiki moja kabla ya safari, Agatha alimfuata ofisini.

"Mwalimu, samahani. Huo ukuta si Rajabu na mkwewe?"

Rajabu alikuwa amemwoa Faidha huko Tandahimba mwaka uliotangulia, Mwalimu akiwa likizo. Sasa ampe mama mkwe karatasi mkononi, mbele za watu? Alikuwa akiiweka dirishani na kugeuza uso. Mama Faidha naye, kwa heshima yake, hakuichukua hata moja. Alirudia namba yake ya kwanza siku zote nne.

"Mama Helena, mbona hukusema mapema?"

"Nilidhani msomi unajua mwenyewe."

Ukuta ulikuwa umekwisha kukubaliwa, na hakuna mtu wa Dar es Salaam ambaye angekuja kuuliza habari za harusi ya Tandahimba. Mwalimu angeweza kunyamaza. Alipanda basi kwenda posta Masasi, akapeleka simu ya maandishi: FUTENI UKUTA NI MKWE. Karani alimuuliza mara mbili kama ana hakika.

Nafasi alipewa mtu mwingine. Mwaka uliofuata Mwalimu alikuwa amevuka umri wa kupokelewa.

Hata hivyo alitukalisha upya, Rajabu akiwa mbali na mkwewe. Safari hii uso wa shaba uligeuka mvuke wakati tabaka la kumi na mbili bado baridi, na shimo letu likakaribia lile la Ulaya. Mimi nilikosea mara tatu. Mwalimu alituma hesabu ile ikiwa na majina yetu yote. Utepe mweusi wa mashine ulikuwa umekwisha, Agatha akayapiga kwa mwekundu.

Mwaka juzi, alipokuwa hospitali kwa mara ya mwisho, Agatha alimwomba Mwalimu radhi. Miaka sita alikuwa ameamini kwamba swali lake ndilo lililomnyang'anya masomo. Mwalimu alisogeza kiti.

"Mama Helena, ningekwenda na ukuta ule, leo ningekuwa nimeujengea nyumba nzima, na bati juu."

Agatha alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Usiku ule alilala vizuri.

Mwalimu, umetoa mafundi mia nane na zaidi, nasi sote tunakushukuru kwa hilo. Mimi nakushukuru zaidi kwa jibu lile. Nenda Mkunya kwa amani, upumzike, na Mungu akujalie siku nyingi na njema.