Bi Kidole Anaondoka, Mdoli Anabaki

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, tarehe 30 Juni anastaafu mbunifu wetu mkuu wa programu za simu, anayejulikana tangu mapokezi hadi jikoni kwa jina la Bi Kidole. Hotuba amezikataa. Basi tumemwandikia wasifu, ambao hawezi kuuzima.

Jina lake amelipata kwa haki. Sisi tukihangaika na rangi, yeye aliuliza jambo moja tu: je, kidole gumba kinafika? Watu, alisema, hawatumii simu wakiwa wamekaa mezani kama sisi. Mkono mmoja umebeba mtoto na jua linawaka kwenye kioo. Ndipo aliposhona mdoli, akamjaza mchele hadi akawa na uzito wa mtoto wa miezi sita, akamwita Mjukuu. Hakuna ukurasa uliotoka humu kabla mbunifu wake hajasimama dirishani juani, Mjukuu begani, akaujaribu kwa mkono uliobaki.

Programu ya miadi ya kliniki ndiyo iliyompa Mjukuu heshima. Mkurugenzi aliipenda, akataka itoke mara moja. Bi Kidole akambebesha mdoli na kumwomba aweke miadi. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa juu kabisa pembeni. Bosi akanyoosha kidole, akagusa cha kufuta kilichokuwa jirani, na Mjukuu akaanguka kichwa chini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na bosi ndiye aliyechelewa kunyamaza. Vitufe vikashushwa na kutenganishwa, kina mama wasije wakapoteza nafasi zao.

Toleo jipya la programu hiyo alituachia tulitengeneze peke yetu, nasi tumekuwa roho juu: tukishindwa, ina maana miaka yote alikuwa akitwanga maji kwenye kinu. Jana alikuja kulipima. Mdoli hakumgusa. Alikuwa amembeba mjukuu wa kweli, binti wa kitindamimba wake, mateke na yote. Akasimama dirishani, kidole gumba kikatembea, na miadi ikakubali mara ya kwanza. Akatukabidhi mdoli. Tulipiga vigelegele hadi wahasibu wakaja kuuliza ni harusi ya nani.

Chanda chema huvikwa pete, mama yetu. Asante kwa kila ukurasa uliotukatalia. Tunakutakia maisha mema. Simu iweke chini sasa, umbebe mjukuu wako kwa mikono miwili.